Vipe Visanduku Majina: Hesabu ya Mshahara Isomwe na Kila Mfanyakazi

Ndugu wafanyakazi wa mashambani na viwandani,

Zamani hesabu ya kazi yetu ilikaa katika daftari la karani. Mchuma chai alipeleka kikapu kwenye mizani, karani akaandika kilo, na mwisho wa mwezi mjumbe wa kamati aliweza kulifungua daftari lile na kulifuata kwa kidole mstari kwa mstari. Siku hizi, katika mashamba mengi na viwanda vingi, daftari limehamia ndani ya kompyuta. Sisi tunapewa karatasi iliyochapwa, yenye jumla chini yake, na njia iliyotumika kuipata jumla hiyo haionekani. Hata hesabu za matawi yetu wenyewe, yaani ada za wanachama na mfuko wa misiba, nazo zimeingia humo.

Jambo hilo peke yake si baya. Kompyuta hujumlisha upesi wala haichoki. Lakini hujumlisha kile tu ilichoambiwa ijumlishe. Wafanyakazi wapya wakiandikwa chini ya orodha, nayo imeambiwa iishie juu yao, itaishia juu yao, na jumla itatoka safi kana kwamba watu hao hawakushika kikapu. Kwa hiyo yatupasa tujue kuuliza: hesabu hii imeanzia wapi na imeishia wapi?

Katika makala hii tunaeleza njia moja inayomwezesha mtu aliyesoma shule ya msingi, kama sisi, kuuliza swali hilo na kulipata jibu. Njia yenyewe ni kuvipa visanduku vya hesabu majina.

VISANDUKU, SAFU NA MISTARI

Programu ya hesabu inayotumika sana maofisini ni Excel. Iko nyingine iitwayo LibreOffice Calc, ambayo haiuzwi, na tawi lisilo na fedha laweza kuitumia bila kulipa chochote. Vitabu vya shule huliita jedwali la namna hii lahajedwali. Sisi tutaliita jedwali la hesabu.

Jedwali hilo ni kama karatasi kubwa ya mirabaraba. Safu zinazoshuka kutoka juu hadi chini huitwa kwa herufi: A, B, C na kuendelea. Mistari inayokwenda kushoto na kulia huitwa kwa namba: 1, 2, 3 na kuendelea. Mahali ambapo safu na mstari vinakutana pana kisanduku, na kila kisanduku kina anwani yake. Kisanduku kilicho katika safu C na mstari wa 5 anwani yake ni C5. Visanduku vingi vikifuatana huwa fungu, na fungu huandikwa kwa kutaja kisanduku cha kwanza na cha mwisho. C5:C44 maana yake ni visanduku vyote vya safu C kuanzia mstari wa 5 mpaka wa 44, yaani visanduku 40.

Hesabu, au fomula, huandikwa kwa kutanguliza alama ya =. Ukiandika =SUM(C5:C44) kompyuta itajumlisha visanduku hivyo 40. Ukiandika =AVERAGE(C5:C44) itakupa wastani wake.

Sasa mtazameni mjumbe wa kamati aliyeitwa ofisini kuangalia hesabu. Anaona fomula kama hii:

=D5-(D5*$H$2)-(D5*$H$3)

H2 ni nini? H3 ni nini? Huenda ni makato halali. Huenda ni makato ambayo hatukukubaliana. Anwani haisemi. Mjumbe atatikisa kichwa, atatia sahihi, na ataondoka bila kujua amekubali nini. Lakini kama visanduku vile vingekuwa na majina, fomula hiyo hiyo ingesomeka hivi:

=D5-(D5*NSSF_MFANYAKAZI)-(D5*ADA_CHAMA)

Hapo hata yule ambaye hajawahi kugusa kompyuta ataelewa: mshahara, toa mchango wa NSSF wa mfanyakazi, toa ada ya chama. Na kukiwa na jina la tatu ambalo hatulijui, litaonekana pale pale, nasi tutauliza.

JINSI YA KUTOA JINA

Tuchukue mfano wa shamba la chai. Tuseme kilo moja ya majani inalipwa shilingi 200. Hiyo si bei ya shamba lolote. Tumeichagua ili hesabu iwe nyepesi. Kwa sheria ya hapa Uganda, mchango wa NSSF ni asilimia 5 kutoka kwa mfanyakazi na asilimia 10 kutoka kwa mwajiri. Tuseme pia ada ya chama ni asilimia 2.

Fungueni ukurasa mmoja wa jedwali na kuuita VIWANGO. Katika safu A andikeni maelezo, na katika safu B andikeni kiwango chenyewe: B2 iwe 200, B3 iwe 5%, B4 iwe 10%, B5 iwe 2%. Kisha fanyeni hivi:

Kwanza, bofyeni kisanduku B2 ili kichaguliwe.

Pili, tazameni juu upande wa kushoto, juu ya safu A. Pana kijidirisha kidogo kinachoonyesha anwani ya kisanduku mlichokichagua. Bofyeni ndani yake.

Tatu, futeni anwani iliyomo na kuandika BEI_KILO, kisha bonyezeni kitufe cha Enter. Msipobonyeza Enter, jina halishiki.

Fanyeni vivyo hivyo kwa B3, ambayo itaitwa NSSF_MFANYAKAZI, B4 itaitwa NSSF_MWAJIRI, na B5 itaitwa ADA_CHAMA. Njia hii ni moja katika Excel na katika LibreOffice Calc. Fungu zima nalo hupewa jina kwa njia hiyo hiyo: chagueni visanduku vyote vya kilo kwa pamoja, halafu andikeni KILO_ZOTE katika kijidirisha kile.

Sasa katika ukurasa wa mishahara, mfanyakazi aliyechuma kilo 1,000 kilo zake ziko C5, na malipo yake katika D5 yataandikwa =C5*BEI_KILO. Jibu ni shilingi 200,000. Mchango wake wa NSSF ni 10,000, ada ya chama ni 4,000, na kama hakuna makato mengine atapokea 186,000. Mwajiri naye lazima apeleke 20,000 zake juu ya zile 10,000, jumla 30,000. Hizo 20,000 ni wajibu wa mwajiri, na hazitolewi katika mshahara wa mfanyakazi.

Jina lina faida nyingine. Fomula ikinakiliwa kutoka mstari wa 5 kwenda wa 6, anwani za kawaida nazo huteremka. Karani akiwa ameandika =C5*F1, katika mstari wa chini itakuwa =C6*F2. Kama F2 ni tupu, mfanyakazi wa pili atalipwa sifuri. Alama ya $ huizuia anwani isiteremke, lakini ni rahisi kusahauliwa. Jina lililotolewa kwa njia tuliyoeleza haliteremki. BEI_KILO itabaki BEI_KILO kwa mfanyakazi wa kwanza na wa mwisho.

MAJINA AMBAYO KOMPYUTA HAIYAPOKEI

Jina halina budi kuanza na herufi au mstari wa chini. Halianzi na namba. Haliwi na nafasi katikati: ADA CHAMA halikubaliwi, ADA_CHAMA linakubaliwa. Katika Excel herufi kubwa na ndogo ni sawa, hivyo ada_chama na ADA_CHAMA ni jina moja. Herufi C peke yake na R peke yake hazikubaliwi, kwa sababu programu inazitumia kwa maana ya safu na mstari.

Kuna mtego mmoja unaotuhusu sana sisi tunaoandika kwa Kiswahili. Jina lisifanane na anwani ya kisanduku. Mtu aweza kusema, "Nani atachanganya jina na anwani?" Lakini tangu Excel ya mwaka 2007 jedwali moja lina safu 16,384, na baada ya Z zinakuja AA, AB, kisha AAA, mpaka safu ya mwisho iitwayo XFD. Basi mweka hazina wa tawi akitaka kuita ada za mwaka ADA2024, kompyuta haitalitoa jina hilo. Iko safu iitwayo ADA, na katika safu hiyo uko mstari wa 2024. Akiandika hivyo katika kijidirisha, atapelekwa mbali kwenye kisanduku tupu, na atadhani hesabu zake zote zimefutika. Hazikufutika. Abonyeze Ctrl pamoja na Home, atarudi mwanzo. MEI2024 na KG2 nazo zina taabu hiyo hiyo. Dawa ni kutia mstari wa chini: ADA_2024, MEI_2024, KG_2.

Tena, jina liandikwe kwa lugha ambayo kamati nzima inaielewa, na liseme jambo lenyewe. Tumewahi kufika katika tawi ambalo mweka hazina aliyeondoka alikuwa ametoa majina kama X_1 na YY_B. Aliyechukua nafasi yake alikaa na hesabu zile bila kujua zinasema nini, wanachama wakaanza kunong'ona kwamba fedha zimeliwa. Fedha hazikuliwa, zilikuwa zimeandikwa kwa namna isiyosomeka. Hesabu isiyosomeka huvunja imani ya wanachama kama vile wizi.

JINA LINALOACHA WATU NJE

Hapa ndipo penye kiini cha makala yetu. Jina ni kama kibao kilichopigwa mlangoni. Kibao chaweza kusema WAFANYAKAZI WOTE, na ndani ya chumba wakawamo nusu tu. Kompyuta hailinganishi kibao na chumba. Kazi hiyo ni yetu.

Tuseme kikosi kina wachumaji 40, na kilo zao ziko C5 mpaka C44. Karani ametoa jina KILO_ZOTE kwa fungu hilo. Mwezi unaofuata wanaajiriwa wengine sita. Karani anawaandika chini ya orodha, mstari wa 45 mpaka wa 50. Jina halikuongezeka. KILO_ZOTE bado inaishia mstari wa 44, ingawa fomula inasema =SUM(KILO_ZOTE) na kila anayeisoma anaamini kwamba ni kilo zote.

Tuseme tena kwamba mapatano yanasema kikosi kitapata nyongeza ya shilingi 5 kwa kila kilo ya jumla, na fedha hizo zigawanywe sawa kwa kikosi kizima. Kila mmoja amechuma kilo 1,000. Jumla ya kweli ni kilo 46,000, na nyongeza ni shilingi 230,000. Kila mtu apate 5,000. Lakini jina linahesabu watu 40 tu. Jumla inatoka kilo 40,000, nyongeza inakuwa shilingi 200,000, na ikigawanywa kwa watu 46, kila mtu anapata 4,347 na senti. Kila mmoja amepoteza shilingi 652 na senti.

Mtazame vizuri, ndugu. Walioachwa nje ya hesabu ni wale sita wapya, lakini waliopunjwa ni wote 46. Wazee wa shamba wanaweza kudhani kwamba wageni wamekuja kuwapunguzia fungu lao, na ugomvi ukaanza kambini, kumbe kosa liko katika jina lisiloongezwa. Ndiyo maana tunasema kwamba kuijua hesabu ni sehemu ya kulinda umoja.

Kinga yake ni nyepesi. Chini ya mfanyakazi wa mwisho uwekwe mstari mmoja mtupu, utiwe rangi, na katika safu A uandikwe MWISHO. Mstari huo uingizwe ndani ya jina, kwa hiyo KILO_ZOTE iwe C5:C45 badala ya C5:C44. Kisanduku kitupu hakibadilishi jumla wala wastani. Akiajiriwa mtu mpya, karani asiandike chini ya MWISHO, bali aingize mstari mpya juu yake. Mstari ukiingizwa katikati ya fungu, jina huongezeka lenyewe na kuwa C5:C46. Mtu mpya yumo, na fomula haikuguswa. Katika Excel iko njia nyingine, ya kuligeuza fungu zima kuwa jedwali maalum kwa kubonyeza Ctrl na T, ambalo hujiongeza lenyewe. Lakini mstari wa MWISHO unafanya kazi kila mahali, na kila mtu anauona kwa macho.

WAKUBWA NAO WALIACHA MISTARI MITANO

Msidhani kwamba kosa la namna hii ni la makarani wa mashambani tu. Mwaka 2010 wataalamu wawili wa uchumi wa Marekani, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walitoa maandishi kuhusu madeni ya serikali. Walisema kwamba nchi ambazo deni lake lilizidi asilimia 90 ya pato la taifa uchumi wake haukukua, bali ulirudi nyuma kidogo, kwa wastani wa asilimia 0.1 kwa mwaka. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliyashika maandishi hayo wakati walipotaka serikali zibane matumizi. Na serikali inapobana matumizi, ndugu, sote twajua nani hufungwa mkanda kwanza.

Mwaka 2013 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, Thomas Herndon, alijaribu kuirudia hesabu hiyo, asipate jibu lile. Akawaandikia wataalamu wale na kuomba jedwali lenyewe, nao wakampa. Alipolifungua aliona kwamba wastani mmoja ulikuwa umechukuliwa kutoka L30 mpaka L44, na orodha ilikuwa inaendelea mpaka L49. Nchi tano zilikuwa zimeachwa nje: Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmaki.

Herndon na walimu wake wawili, Michael Ash na Robert Pollin, waliirudia hesabu yote. Badala ya kurudi nyuma kwa asilimia 0.1, walipata kwamba uchumi wa nchi hizo ulikua kwa asilimia 2.2. Ni haki tuseme kweli yote: mistari mitano iliyoachwa ilikuwa sehemu ndogo ya tofauti hiyo. Sehemu kubwa zaidi ilitokana na miaka fulani ya nchi fulani kutotiwa ndani, na jinsi nchi zilivyopimwa uzito katika wastani. Wataalamu wale walikubali kosa la mistari, ila walisema kwamba fikira yao kubwa bado inasimama.

Sisi tunachukua funzo moja. Maandishi yaliyochapwa yalisomwa na watu wengi wenye elimu kubwa kwa miaka mitatu, wala kosa halikuonekana. Lilionekana siku mtu mmoja, mwanafunzi, alipoomba jedwali lenyewe na kutazama hesabu ilianzia wapi na iliishia wapi.

KUYATUNZA MAJINA

Majina ni kama vifaa vya stoo. Yakiachwa bila kukaguliwa huharibika. Katika Excel na katika LibreOffice Calc, ukibonyeza kitufe cha Ctrl pamoja na F3, hufunguka dirisha lenye orodha ya majina yote. Katika Excel waweza pia kulifikia kwa kubofya "Formulas" na kisha "Name Manager". Mbele ya kila jina huonyeshwa linaelekea wapi. Hapo ndipo jina hurekebishwa au kufutwa. Tunashauri mweka hazina na mkaguzi wa tawi wakae pamoja kila mwisho wa mwezi na kutazama mambo haya matano.

Kwanza, kila fungu linaishia mahali panapostahili. Njia ya upesi ni kubofya mshale ulio kando ya kijidirisha cha majina na kuchagua jina. Kompyuta itaonyesha kwa rangi visanduku vyote vya jina hilo. Mtazame mtu wa mwisho katika orodha. Je, yumo?

Pili, hakuna jina lenye alama ya #REF!. Alama hiyo maana yake ni kwamba visanduku vya jina hilo vimefutwa, na jina limebaki bila mahali pa kuelekea. Na mkiona #NAME? ndani ya hesabu, ni kwamba fomula imetaja jina ambalo halipo, ama limeandikwa vibaya, ama limefutwa.

Tatu, hakuna jina moja lililotokea mara mbili. Jina laweza kuwa la faili zima au la ukurasa mmoja tu. Katika Excel, ukiunakili ukurasa wa Januari ili upate wa Februari, majina yaliyoelekea ukurasa wa Januari huzaa mapacha katika ukurasa mpya. Kama BEI_KILO ilikuwa humo, sasa ziko mbili. Bei ikipanda katika mapatano mapya, karani ataibadilisha moja na kuisahau ya pili, na mwezi mzima utalipwa kwa bei ya zamani. Ndiyo sababu tulisema viwango vikae katika ukurasa wake wenyewe, VIWANGO, usionakiliwa.

Nne, hakuna kiwango kilichojificha. Kompyuta inaruhusu jina lishike namba yenyewe, kwa mfano asilimia 5, bila namba hiyo kuandikwa katika kisanduku chochote. Huenda karani alifanya hivyo kwa urahisi wake tu, lakini namba hiyo haitaonekana katika karatasi iliyochapwa. Kila kiwango kinachokata au kuongeza mshahara wa mtu kikae katika kisanduku kinachoonekana.

Tano, jina likibadilishwa, libadilishwe ndani ya dirisha hilo. Katika Excel fomula zote zitalifuata jina jipya. Kuandika upya jina lile lile katika kijidirisha cha juu hakulihamishi fungu. Kutakupeleka tu pale jina lilipo.

Wakimaliza, waichape orodha ya majina yote. Katika Excel bonyezeni F3 kwenye ukurasa mtupu, kisha chagueni "Paste List". Orodha itaandikwa yote, jina na mahali linapoelekea. Karatasi hiyo iwekwe katika jalada la tawi na itiwe sahihi na wote wawili. Mweka hazina akihama au akistaafu, anayemfuata ataanza kazi akiwa na ramani mkononi.

TUNAPOKAA NA MWAJIRI

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi haki ya kupewa maelezo ya maandishi ya mshahara wake na makato yake. Hiyo ni haki ya kila mmoja, na asiyepewa alete habari kwa katibu wa tawi. Lakini katika mambo ya pamoja, kama nyongeza ya kikosi, jumla ya kilo, au ada zinazokatwa na kupelekwa kwa chama, maelezo ya mtu mmoja mmoja hayatoshi. Hapo kamati iombe jedwali lenyewe badala ya karatasi iliyochapwa, na iombe orodha ya majina yaliyomo. Ombi hilo liwekwe katika mapatano ili lisitegemee hisani ya karani.

Wajumbe wakipewa jedwali, wasiogope wingi wa namba. Waulize maswali matatu: Jina hili linaanzia wapi? Linaishia wapi? Nani wameandikwa chini yake? Aliyeweka hesabu kwa haki atajibu kwa dakika chache, na mara nyingi kosa litakalopatikana litakuwa la haraka au uchovu, nalo litasahihishwa bila ugomvi. Anayekataa kujibu naye ametujibu kwa namna yake, na kamati itajua hatua inayofuata.

Nasi tuanze kwetu. Hatuwezi kumdai mwajiri hesabu safi huku vitabu vya matawi yetu havisomeki. Kila tawi lenye kompyuta lichague wanachama wawili, hasa vijana waliopitia shule karibuni, wajifunze kazi hii na kuwafundisha wengine. Tawi lisilo na kompyuta litume mtu wake katika tawi jirani siku ya kufunga hesabu, akae pembeni ya mweka hazina na kutazama.

Ndugu, mizani ya chai tulijifunza kuisoma ili tusipunjwe kilo zetu. Jedwali la hesabu nalo ni mizani ya siku hizi. Tujifunze kulisoma, na kila mara tuhakikishe kwamba mfanyakazi wa mwisho katika orodha amehesabiwa.

Umoja ni nguvu.